Uyoga wa Mama Mkwe na Kisu Chake

Mpendwa mshauri,

Naomba unisaidie kabla mvua haijanyesha tena. Mimi ni fundi cherehani, naishi na mume wangu, wanetu na mama mkwe, na kila msimu wa uyoga mama huingia msituni na kikapu chake, yeye anachuma, mimi napika, na kwa kweli ni mtamu, sisemi uongo, lakini mwaka huu macho yake yameingia ukungu na hataki mtu alitaje hilo, nami juzi nikiusafisha nikakuta mmoja umeng'oka mzima, na chini ya shina kuna kikombe cheupe, ile alama ambayo mama mwenyewe alinionya nilipoolewa kwamba ukiiona, uuache hapo hapo, basi nikatupa wote, nikasingizia mboga imeungua. Mama hukata uyoga kwa kisu usawa wa ardhi ili kikapu kisiingie udongo, kwa hiyo kikombe hubaki chini, na ukifika jikoni wote unafanana. Nilipomweleza mume wangu akasema, "Mama alikuwa anachuma uyoga wewe hujaota meno," na wifi anacheka kwamba nimechoka kupika ndiyo maana nazua. Nimeshaamua, sitawalisha wanangu kwa kubahatisha. Ila nitasemaje bila kumvunjia mama heshima?

Fundi

Fundi,

Pole, na kutupa ulitupa vyema. Lakini kusingizia kuungua kumekuokoa siku moja tu. Mama anaamini kikapu kilikuwa salama, na ataleta kingine. Mumeo mwambie sumu haiulizi umri wa mchumaji. Wala mtu asikudanganye kwamba uyoga ulioliwa na wadudu ni salama, au kwamba ukichemshwa sana sumu inatoka.

Nenda naye msituni, kisu kibaki nyumbani. Huko, mkiwa wawili, mweleze ukweli kuhusu ule mmoja. Ataumia, lakini bora aumie kwa neno kuliko kumzika mjukuu. Kisha mwambie, "Mama, tuung'oe na mzizi, uushike mwenyewe." Vidole vyake havina ukungu, akipapasa shina, kikombe atakigundua kabla yako. Uyoga msioafikiana nyote wawili, utupeni. Na macho yakaonwe na daktari.

Mtu akila uyoga wa mashaka, msingoje tumbo liume. Hospitali, na mabaki mkononi.

Uyoga ukija jikoni umekatwa, hauingii sufuriani, hata aliyeuleta akinuna. Aliyenuna atacheka kesho, maadamu wote mpo.