Breki za kumfuata mama kule Kalenga

Uyole, Ijumaa

Kumbe breki nimezimaliza mwenyewe! Leo fundi kazitoa pedi, zimelika kama kipande cha sabuni, akaniuliza, "Mama Neema, mlimani huwa unashukaje?"

Nikamjibu, bila gia, ili kuokoa mafuta. Marehemu baba Neema ndivyo alivyonifundisha.

"Basi mzee alikupenda, ila udereva alikudanganya!"

Nilicheka mpaka nikashika boneti. Sijawahi kucheka habari za marehemu bila kulia.

Kafunga pedi mpya, tukalijaribu gari miteremkoni kwa gia ndogo, injini ilizuie badala ya breki. Limetulia.

Kesho namfuata mama yangu kule Kalenga aje tukae naye, maana magoti yake hayawezi tena kupanda basi. Nilikuwa naogopa sana kumpakia na breki zile. Ee Bwana, kila mteremko unikumbushe gia.