Pleteleti Zangu Zimepanda

Jumanne, 3 Machi
Bitiruti tena. Siku ya kumi na tisa. Kamene ametoka Kawangware akafika kwangu Gatwekera kabla sijafunua cherehani, jagi la juisi mkononi. Dada yangu anaamini kila ugonjwa ni upungufu wa damu. Mimi nina saratani ya utumbo mpana, imeshafika kwenye ini. Kwake maana yake damu imepungua sana. Nimekunywa. Ulimi mwekundu, wateja wananitazama vibaya.

Ijumaa, 6 Machi
Majibu ya damu yametoka. Kamene alipitisha kidole mpaka kwenye pleteleti, zile chembe za kugandisha damu. Mia sita na arobaini. Pembeni wameandika kawaida mwisho ni mia nne na hamsini. Akapiga ukelele.
"Mwikali, umepita! Si nilikuambia bitiruti inafanya kazi?"
Kama mtihani. Nami nilifurahi, sitaficha.

Jumamosi, 7 Machi
Kanisa lake lote limeshajua. Ibada ya shukrani tarehe 15. Kuku sita. Akina mama kumi na mmoja, sare ya kitenge. Na mshonaji ni nani? Mgonjwa mwenyewe. Nimewapima leo. Wote walivuta tumbo ndani.

Jumatatu, 9 Machi
Kliniki. Nilimdanganya Kamene kwamba ni kesho. Nilitaka kujisifu peke yangu. Daktari, msichana mpole, hakutabasamu. Bitiruti haihusiki. Ugonjwa ukifika hapa, mara nyingi saratani yenyewe ndiyo inayozipandisha pleteleti hivyo, na si dalili njema. Nikauliza, muda gani? Karatasi moja haiwezi kutaja siku, akasema, ila nisipange mambo ya miaka mingi. Dawa za kemo tunaendelea nazo.
Naogopa. Sare saba bado. Na siku ishirini na tano za bitiruti, bure!

Jumatano, 11 Machi
Sijamwambia. Nimeshindwa. Leo ameongeza maini, eti tufike mia saba. Kuku ameshawanunua, wanalala chini ya kitanda chake. Mmoja ametaga.

Ijumaa, 13 Machi
Nimemwambia. Nilikuwa nikimbana gauni lake kiunoni kwa pini, ikanitoka tu: kupanda kule ni kubaya. Akanigeukia.
"Kwa hivyo nimekuwa nikilisha ugonjwa?"
Nikamwambia bitiruti haikufanya lolote, zuri wala baya. Hilo lilimuudhi zaidi. Tukalia. Kisha tukacheka, pini zikamwagika zote sakafuni. Akajipangusa macho.
"Na kuku je?"
Nikasema kuku hawana kosa. Nipo, tushukuru kwa hilo.
"Basi tutaomba zishuke."

Jumapili, 15 Machi
Wameomba zishuke. Mzee mmoja wa kanisa, hakuwa amepata habari, akaanza kuomba zipande zaidi. Kamene alimvuta koti. Nimekula paja zima na halijanirudi.
Sasa nimeketi mlangoni na gauni langu la sare. Nililimaliza jana. Nimekonda, kwa hiyo nililikata kwa vipimo vya sasa, linanikaa vizuri. Ila ndani, ubavu huu na huu, nimeacha kitambaa cha vidole vinne. Kamene ni mnene. Akilifumua, litamtosha.