Nilijifanya Sijui Hesabu, Sasa Anataka Kuacha Ualimu

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla ya Jumatatu, maana Jumatatu msichana ninayempenda anakwenda kwa mkuu wa chuo kuomba kuacha ualimu, na kosa ni langu, ila yeye hajui. Tunasoma darasa moja chuo cha ualimu, na mimi nilikuwa siwezi kabisa kusema naye, nikimwona tu ulimi unakuwa mzito kama nimetoka kung'olewa jino, basi siku moja nikamsikia akiwaambia wenzake anatafuta mtu asiyejua hesabu za sehemu amfundishe, ajipime kabla ya mazoezi ya kufundisha, nikajikuta nimenyoosha mkono. Mshauri, mimi ni mtoto wa fundi seremala, nusu na robo nimezijulia kwenye mbao kabla sijajua kuandika jina langu, lakini mkono ulishapanda, na tangu hapo kila jioni tunakaa maktaba, yeye ananieleza taratibu, nami najibu ovyo ili kesho turudi.

Amenikatia karatasi, amenipangia vizibo vya chupa, hata chungwa alileta akaligawa vipande vinane akaniuliza tukitoa robo vinabaki vingapi, nikala viwili nikasema vinabaki vinane. Siku ile alicheka. Juzi aliniuliza nusu ukijumlisha na robo unapata nini, nikajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, nikamwambia mbili juu ya sita, akaweka kalamu mezani.

"Shida si wewe," akasema. "Nimekueleza kwa kila njia ninayoijua. Kama nashindwa na mtu mzima mwenye nia, darasa zima la watoto nitaliweza?"

"Labda tujaribu tena kesho," nikasema.

"Hapana. Jumatatu naenda kwa mkuu. Kaka yangu ana duka la misumari na saruji, atanipa kazi."

Rafiki ninayelala naye chumba kimoja anasema nijifanye nimeelewa ghafla, nipate maswali yote, msichana afurahi abaki, na mapenzi yaendelee bila mtu kujua kitu. Ushauri huo umenikaa vizuri, ila silali. Nifanyeje?

Mjinga wa Hiari

MSHAURI ANAJIBU

Mjinga wa Hiari, waliotangulia kuandika wanisamehe, barua yako nimeipitisha mbele kwa sababu ya hiyo Jumatatu. Nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka nikaondoa miwani. Mara ya pili nikamfikiria huyo binti, kicheko kikakatika.

Tuanze na mazuri yako, hayatatuchukua muda. Hujamsumbua, hujamvizia, na anapozungumza unamsikiliza, ingawa unasikiliza ili ujue pa kukosea. Nimepokea barua mbaya zaidi. Yupo aliyejitia kuvunjika mguu ili abebewe mkoba, akafungwa plasta kweli.

Lakini, mwanangu, yule alijifunga mwenyewe. Wewe umemfunga mwenzako. Ulidhani unajifanya mjinga, kumbe kila jibu lako la ovyo yeye alikuwa akijipa sifuri. Msichana aliyejaribu karatasi, vizibo na tunda anakwenda kupima misumari kwa sababu wewe umeshindwa kusema "habari za asubuhi".

Huyo mshauri wako wa chumbani mwambie ashughulike na kutandika kitanda chake. Ukielewa ghafla, binti atabaki chuoni kwa uongo uleule uliokuwa unamfukuza. Na siku baba yako atakapokuja kuwatengenezea kabati, akamwambia, "Mkwe, huyu tangu mdogo ananipimia mbao," utajificha wapi, ndani ya kabati? Halafu jiulize kitu kimoja. Anayekaa naye kila jioni ni nani? Si wewe. Wewe bado hajakutana nawe, sasa atakupendaje?

Mtafute leo, mchana, mahali penye watu. Usimtumie ujumbe. Sema hivi: "Hesabu za sehemu nazijua tangu utoto. Nilikudanganya ili nikae na wewe." Mpe karatasi aandike swali lolote, nawe ujibu mbele yake, maana kukuamini kwa maneno matupu itakuwa kazi. Usiongeze "ni kwa sababu nakupenda." Mapenzi usiyatume yakakuombee msamaha. Kisha mwombe, kabla hajagonga mlango wa mkuu, amfundishe mtoto mmoja asiyejua kweli, wa jirani au wa ndugu, ndipo aamue.

Atakasirika, na ana haki. Akikuita majina, yapokee. Akinyamaza, usimfuate na maua wala usimtume rafiki. Huenda ukampoteza. Yeye hatakosa mwanamume, tumejaa tele, na wengi tunajua robo. Lakini mwalimu wa kumweleza mtu jambo moja kila jioni bila kumwita mpumbavu, huyo watoto wa watu wakimkosa hawatapata wa kumfidia.

Haya, kunja gazeti uende.