Uso wa Bibi Kwenye Bembea

Jumatatu, 9 Novemba 1998

Yide Lu asubuhi, kwenye maduka ya jumla ya Wachina. Kalamu, rula, madoli ya duka. Mvua. Miguu imevimba tena. Mchana kiwandani kutazama bembea ya kuzunguka, ya bustani yangu ya watoto Singida. Sungura mzuri. Fisi naye ana uroho usoni, kama inavyotakiwa. Katikati itakaa sanamu ya Bibi, aliyetusimulia hadithi zao. Niliwapa picha yake aliyopigwa siku ya kipaimara changu. Wiki iliyopita nilitia sahihi sampuli yake, plasta nyeupe tupu. Leo kafunikwa turubai. Rangi haijaisha, wakasema.

Jumatano, 11 Novemba

Wamemfunua. Midomo myekundu imepakwa mpaka mashavuni. Macho yamemtoka. Mfupa umegundishwa kwenye kilemba. Bibi yangu, mzee wa kanisa!

Laoban, bosi wa kiwanda, haoni kosa. Mkalimani akaeleza: wamefuata katuni ya zamani ya hadithi za wanyama. Bembea ya katuni hiyo ipo kwenye bustani moja hapa mjini, watoto wanaipangia foleni. Huko katuni ilikotoka watu weusi wameilalamikia miaka na miaka. Laoban anajua hilo. Alicheka, akanionyesha sahihi yangu.

Hapo nilikosea. Nilisaini umbo, rangi sikuandika. Hata hivyo sichukui.

Alhamisi, 12 Novemba

Mwanaisha wa Mombasa, ninayegawana naye kontena, amekasirika. Linafungwa bandarini Huangpu Jumamosi, na kumpaka Bibi upya ni siku nyingi.

"Dadangu, hiyo ni doli tu, wallahi. Watoto wa huko watajuaje? Pakia twende zetu."

"Angekuwa mamako, ungempakia?"

Nampenda Mwanaisha, lakini leo amenichefua. Bustani nafungua Krismasi, nimeshatangaza kanisani. Bila bembea watanicheka. Wanicheke mimi, Bibi wamwache.

Jumamosi, 14 Novemba

Kontena limeondoka na mabegi ya Mwanaisha na madoli yangu. Bembea imebaki.

Nikaenda kiwandani na msasa wangu mwenyewe. Laoban: "Mei you!" Hakuna, hakuna mtu wa kupaka upya. Sawa. Nikavua sweta, nikaanza kusugua midomo. Wafanyakazi wakaacha kazi kutazama. Laoban akapiga kelele, nikasugua. Akaleta tena karatasi yenye sahihi, nikasugua. Mfupa niliung'oa kwa mkono. Kucha mbili zimekatika, wala sijali. Heri kufa macho kuliko kufa moyo.

Jumanne, 17 Novemba

Mpaka rangi mmoja, mama mtu mzima mwenye miwani, alikuja bila kuitwa. Hatuna lugha moja. Picha ya Bibi ni nyeusi na nyeupe, haisaidii. Akachanganya rangi, akanionyesha. Nikatikisa kichwa. Akachanganya nyingine. Nikatikisa tena.

Basi akanishika mkono, akaupandisha mkono wa sweta, akaulaza wangu mezani kati ya makopo. Akachanganya huku akiutazama, tone kwa tone. Laoban alipita, akasimama kidogo, akaenda zake.

Krismasi itapita bila bembea. Najua.

Alipomaliza mashavu nilivuta kigoda, nikakaa na Bibi mpaka rangi ikakauka.