Jembe la Mjukuu wa Kwanza

Jumapili, 8 Julai 1956
Nimekaanga dagaa wa njiani. Nimefunga chumvi, sabuni, kitenge kipya cha mamamkwe. Shule imefungwa, na mume wangu Etabo, mwalimu asiyejua hata kuchemsha maji, ananihimiza kama askari. Kesho tunatoka hapa Baraka, kando ya ziwa, kwenda kwao Lubondja milimani. Binti yetu Ana amefika miaka mitano na hajawahi kumwona bibi yake. Nguo zimeanza kunibana kiunoni. Etabo bado sijamwambia.

Jumanne, 10 Julai
Jana lori mpaka nusu ya njia, halafu miguu. Baridi ya kiangazi cha huku milimani inauma kweli. Moto hauzimwi. Mamamkwe alitupokea uani, majirani wote wamejaa. Akampa Ana jembe dogo lenye mpini mpya. Ana akalishika, akacheka. Nikapiga magoti, nikashukuru kwa mikono miwili. Wanawake wakapiga vigelegele. Nilijiona mkwe mwema sana.

Jumatano, 11 Julai
Mjinga mimi. Leo mtoni, tukiloweka mihogo, wifi yangu Salome ameniuliza kama sitalia sana nikirudi Baraka bila mtoto. Nikadhani utani. Si utani. Katika nyumba hii, mjukuu wa kwanza akipokea jembe la bibi, na mama yake akashukuru mbele ya watu, ndiyo basi. Anabaki. Bibi anamlea mpaka aolewe.

Etabo mwenyewe alilelewa hivyo na bibi yake. Alijua! Nilipomuuliza alitazama viatu vyake, akasema alidhani mama amekwisha kusahau mambo hayo. Nina hasira naye. Chakula chake cha jioni nimempelekea bila chumvi, akakila chote.

Alhamisi, 12 Julai
Ana amehamia kwa bibi. Anashinda naye shambani, wanang'oa mihogo. Tayari anajua kuomba maji kwa Kibembe. Nikimwita, anamtazama bibi kwanza.
Sijala.

Ijumaa, 13 Julai
Nimemfuata mamamkwe jikoni. Nimepiga magoti tena, safari hii si kwa shukrani. Nimemwambia mtoto simwachi. Hakukasirika. Aliendelea kuchekecha unga. Akanieleza taratibu kwamba watoto wake wote wameshuka ziwani, na Salome naye anaolewa karibuni. Kisha akanitazama tumbo.

"Mi najua uko na mwingine. Niliona tu siku ile ulifika. Sasa, mwana wangu, mi nitabaki hapa na nani?"

Nilijisikia kama nimevuliwa nguo. Nje Ana alikuwa anacheka na kuku. Maneno yakanitoka kabla sijayafikiri.

"Huyu uniachie, mama. Ule iko mu tumbo, akiacha kunyonya, nitakuletea."

Akaweka chekecheo chini. Akaniwekea kiganja kichwani, kimejaa unga. Amekubali.

Jumamosi, 14 Julai
Tumeondoka asubuhi. Ana amelia mpaka kilima cha pili, akimwita bibi. Etabo amembeba begani. Anadhani mama yake amenionea huruma tu. Njia nzima ananisifu, eti nina ulimi mtamu. Nusura nimsukume korongoni.

Alhamisi, 26 Julai
Baraka. Ziwa limetulia. Nimefua, nimeanika. Ana anacheza na watoto wa jirani, Kibembe chake ameanza kukisahau. Nimemwambia Etabo kuhusu mimba. Amefurahi, anataka mvulana, anatafuta jina. Kuhusu ahadi sijasema.

Mchana nilikuwa nimeketi kibarazani nachambua mchele. Mtoto akacheza tumboni, mara ya kwanza. Mikono yangu nikaiacha kwenye ungo, sikuipeleka tumboni.