Blanketi la Mama Limefuliwa

Bibi, Mwenyekiti wa Kamati ya Jiko la Mafuta ya Taa,

Uji uko kwenye sufuria, nimeufunika. Jiko usilizime, mdogo wangu Tumelo bado amelala. Na tafadhali, lile blanketi kwenye kamba usilikunje. Limeganda kwa baridi kama bati.

Sasa nakiri kosa. Jana nilimwambia Tumelo blanketi lake linanuka beberu. Akanijibu, "Mwongo! Linanuka mama." Nikacheka mpaka ukanifokea. Alfajiri ya leo nikamvua blanketi hilo taratibu, nikamfunika langu, nikalifua lile kwa sabuni ya unga na kulisuuza mara tatu. Nilidhani natenda wema. Nilipolianika ndipo nikapitisha pua. Hakuna kitu, Bibi. Linanuka duka.

Mpaka wa Afrika Kusini umefungwa tangu Machi, mama yuko kule Bloemfontein akifanya kazi kwenye nyumba za watu, nami nimefua kitu pekee alichotuachia chenye harufu ya mwili wake.

Tumelo akiamka mwambie ~~limeibiwa~~ ~~limeliwa na mbuzi~~ nimelifua mimi. Akilia, mbebe mgongoni. Akikataa mgongo, mpe uji wenye sukari, hata kama ni yako ya chai.

Napanda kilimani kwenye mtandao nimpigie mama, nimuulize hujipaka mafuta gani. Dukani wanafunga saa sita, nitakimbia nikayanunue nilipake blanketi. Wasipokuwa nayo, sijui, Bibi. Shuleni hawakutufundisha hilo.

Mjukuu wako msomi,
Limpho