Kimya cha Mapigo Manne

Shangazi Mshauri, shikamoo, ingawa kwa mvi nilizonazo huenda mimi ndiye mkubwa, nisaidie, maana nimefika mahali natamani hata hiyo albamu isitoke.

Miaka ishirini na mbili iliyopita nilikuwa mpiga drams wa bendi ya roki, tukarekodi kaseti moja tu, bendi ikafa, nikaingia ufundi viatu nikajua yamekwisha, kumbe vijana wanatusikiliza, na sasa bendi kumi na moja zimeungana kutoa albamu ya kutuenzi, kila moja ikiimba nyimbo zetu kwa mtindo wake. Jambo jema, utasema. Shida ni wimbo wetu wa mwisho, ambao katikati vyombo vyote hunyamaza kwa mapigo manne halafu hurudi kwa kishindo, na hapo ndipo vijana wamepagawa, bendi tatu zimeugombania, kijana mmoja amekipima kimya kile kwa saa, mwalimu wa muziki ameeleza kwamba ni maombolezo, na kwa kuwa mwanzoni mwake husikika "tak" ndogo, wameshinda siku nzima wakigonga sakafu ya mbao mpaka wakaipata hiyo tak.

Shangazi, kijiti cha kupigia drams kiliniponyoka. Viganja vililoa jasho, kikaanguka, wenzangu wakanyamaza kwa kuwa walikuwa wakinifuata mimi, nikakiokota tukaendelea, na tepu ilikuwa ndiyo ya mwisho, hakuna kurudia. Kiongozi wetu, tuliyemwita Jemedari, akafoka, "Nani kaharibu?" nami bila kupepesa macho nikasema, "Besi kanipoteza, mpaka kijiti kimenitoka." Mpiga besi akanitazama, akainama, hakusema neno, na siku hiyohiyo akafukuzwa.

Huyo leo ni shemeji yangu, siku zile alikuwa anamchumbia dada yangu. Hajashika gitaa tena, anatengeneza mafriji, na wimbo ule ukipigwa kwake, ukikaribia pale katikati, hunyanyuka akaenda kuangalia maji jikoni. Juzi vijana wamekuja kibandani kwangu kuuliza nilikipataje kile kimya ili waandike kwenye jalada la albamu, na mimi, Mungu anisamehe, nikawaambia kilinijia ndotoni. Jalada linachapwa Ijumaa. Nikisema kweli nitawavunja moyo vijana na watu watanicheka, nikinyamaza chakula cha kwa shemeji hakishuki. Nifanyeje?

Fundi Viatu

JIBU

Marahaba, mwanangu, maana kwa mambo haya bado hujakua.

Pole kwa jasho. Kijiti kumponyoka mtu si dhambi, sikugombezi kwa hilo. Lakini ilipokuwa aibu uliigawa upesi, tena yote ukampa mwenzio. Leo imegeuka sifa, umekuwa bahili. Mbona husemi tena kwamba ni besi? Siku ile ulikuwa na uhakika.

Vijana waache, usijifiche nyuma yao. Watu walioshinda wakigonga sakafu wakisikia kwamba kweli ni kijiti kilichoanguka, watashangilia. Anayeogopa kuchekwa ni wewe. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yako imetembea miaka ishirini na mbili na sasa inakwenda kuchapwa.

Na hukuwahi kujiuliza kwa nini alinyamaza? Mtu anayechumbia hawezi kumwita kaka wa mchumba wake mwongo mbele ya watu. Alimchagua dada yako, akaliacha gitaa. Anajua kila kitu, baba. Hakuna maji yanayotaka kuangaliwa kila wimbo huo unapopigwa.

Sasa sikiliza. Leo hii waambie vijana wafute hiyo ndoto yako, waandike kwamba kijiti kilianguka na aliyefukuzwa hakuwa na kosa. Kisha nenda kwa shemeji yako, kwa miguu yako, si kwa simu, wala usimpitie dada yako akakutengenezee njia. Usianze na habari za jasho. Sema, "Shemeji, nilikusingizia, naomba radhi." Halafu funga mdomo. Akikawia kujibu, usikimbilie kujaza maneno: wewe unasifiwa kwa kimya cha mapigo manne, yeye amekaa na chake miaka ishirini na mbili.